Taa za ndani za kempa ya zamani: spea unazipata wapi na unaanzaje kutafuta

Jamani kama una kempa ya zamani, iwe Volkswagen, iwe HiAce iliyogeuzwa, iwe chochote chenye kitanda na sinki ndani, huu mchezo utakuwa unaujua: injini inawaka freshi, breki ziko poa, ila usiku ukitaka kuchagua mawe kwenye mchele umeing'ata simu mdomoni ikumulike. Mimi nimekaa hivyo karibu miezi saba. Yangu ni Volkswagen T3 ya Westfalia (kampuni ya Ujerumani iliyokuwa inazigeuza kuwa kempa), usukani kushoto, niliichukua hapa Arusha kwa wazee wawili Wajerumani waliokuwa wameizungusha nusu ya Afrika wakachoka wakaamua kurudi kwao na ndege, na kati ya taa tano za ndani ilikuwa inawaka moja tu, tena ile ya mlangoni ambayo haina msaada wowote ukiwa umeshafunga mlango.

Kosa langu la mwanzo, nilikuwa naingia dukani nauliza "mna taa za kempa?" Muuzaji ananiangalia, anamuangalia mwenzake, ananiambia nenda duka la pale mbele, na wa pale mbele ananirudisha nyuma. Duka la taa za kempa halipo Arusha, Gerezani Kariakoo sikuliona, na rafiki yangu kazunguka Kirinyaga Road kule Nairobi na yeye hakuliona. Baadaye ndio nikashtuka kwamba nauliza vibaya. Taa moja ya kempa ni vipande vinne vitano: globu au tyubu, holda inayoishika, swichi, kava, na kama ni ya tyubu basi na ile choki ya ndani, kale kabodi ka kuiwashia. Na kila kipande kina ukoo wake, kimoja ni ndugu wa lori, kingine ndugu wa boti, kingine cha watu wa sola, kingine kinakaa kwenye taa za dharura za mahotelini. Ukishajua ukoo unajua mtaa wa kwenda. Hivyo ndivyo nilivyofanya mimi, nakuandikia kwa mpangilio ule ule.

HATUA YA 1: Hakikisha kweli taa ndio imekufa

Usitoe hela kabla ya hapa. Kwangu kati ya taa nne zilizokuwa haziwaki, mbili hazikuwa na ugonjwa wowote, ugonjwa ulikuwa kwenye njia.

Chukua mita ya umeme, hata ile ya bei ya chini kabisa ya njano inatosha. Anza kwenye betri ya ndani, sio ya kuwashia injini. Kwenye T3 yenye usukani kushoto betri ya injini iko chini ya kiti cha abiria wa mbele, ya pili kama ipo inakaa chini ya kiti cha dereva, na watu wengi wanamiliki hiyo gari mwaka mzima hawajui kama kuna betri pale. Betri ya asidi iliyojaa, gari imezimwa na imepumzika masaa kadhaa, inasoma kama 12.6 hivi. Ikisoma 11 na kitu, acha mambo ya taa kwanza, chaji betri au tafuta nyingine.

Halafu fyuzi. Usiitazame kwa macho tu, ing'oe uipime, kuna fyuzi inaonekana nzima kumbe imekatika pembeni kabisa karibu na mguu. Na ukiwa hapo hapo angalia miguu ya fyuzi na pale inapoingia, kukiwa na ule ukungu wa kijani au weupe, piga msasa laini.

Ukimaliza nenda kwenye taa yenyewe, toa globu, weka mita kwenye holda. Umeme ukisoma 12 na taa haiwaki basi globu au holda. Ukisoma 0, usikimbilie kusema waya umekatika, fanya hivi: mguu mwekundu wa mita uache kwenye chanya ya holda, mguu mweusi utoe kwenye holda uugusishe chuma kisafi cha bodi. Ikiruka ikasoma 12 ujue umeme unafika ila hauna pa kurudia, yaani ethi imekufa. Taa zangu mbili zilikuwa hivyo hivyo, skrubu ya ethi nyuma ya kabati imeota kutu. Msasa, skrubu mpya, grisi kidogo juu yake, taa mbili zimefufuka bila kununua kitu. Nilijisikia mjinga na mjanja kwa pamoja.

HATUA YA 2: Jua volti zako kabla hujafungua mdomo dukani

Fupi hii ila imeunguza watu. Kempa nyingi ndogo ni 12V. Lakini kama yako imetengenezwa kwenye Coaster au Rosa au lori lolote, uwezekano mkubwa ni 24V, na kuna mafundi walioweka kidubwasha cha kushusha ili ndani iwe 12, kwa hiyo mbele 24 nyuma 12. Pima, usikisie. Kwenye maduka yetu ya spea globu za 12 na za 24 zinakaa boksi moja kwa sababu malori ni mengi, na kijana wa kaunta akikuona na globu ya kichwa kile kile anakupa iliyo karibu na mkono. Ya 24 ukiiweka kwenye 12 inawaka nyekundu nyekundu kama kaa la mwisho wa jiko, ya 12 ukiiweka kwenye 24 inakuaga papo hapo. Soma kwenye chuma cha globu mwenyewe, imeandikwa.

HATUA YA 3: Toa kipande, kisome, kipime, kipige picha

Hapa ndio kazi ilipo, kwa hiyo usiharakishe. Toa globu iliyokufa usiitupe, hata kama imevunjika kioo ule mguu wake wa chuma ndio kitambulisho. Iweke kwenye mfuko wa plastiki na kakaratasi "juu ya kitanda" au "jikoni". Piga picha holda kwa mbele na kwa nyuma, na weka rula pembeni ili ukimtumia mtu picha ajue ukubwa.

Sasa aina zenyewe. Kwenye kempa za zamani utakutana na hizi, nyingine ni nadra sana.

Ya kwanza ile inayofanana na fyuzi ya kioo, ina vichwa vya chuma huku na huku, inabanwa na vibati viwili vya springi. Ndio ya taa ya dari. Hii unapima urefu kutoka ncha hadi ncha kwa milimita, urefu ndio jina lake: kuna za 31, 36, 39, na 41 au 42. Ukichukua ya 36 kwa holda ya 41 haitashika, na ukichukua ya 41 kuilazimisha kwa 36 utapanua vile vibati na baada ya wiki itakuwa inawaka na kuzima barabara ikiwa mbovu. Yangu ya dari ni 41, wati 10, nimeipata duka la spea za kawaida kabisa kwa bei ya soda.

Ya pili ni ya kusukuma na kuzungusha, kama ya breki na indiketa. Hapa kuna mtego mkubwa. Igeuze utazame tako lake: kama lina kitone kimoja cha risasi na vile vipini viwili vya pembeni vimelingana, hiyo ni BA15s. Kama lina vitone viwili na vipini vimelingana, hiyo ni BA15d, wenye boti wanazitumia sana. Kama lina vitone viwili na vipini havijalingana, kimoja juu kimoja chini, hiyo ni BAY15d ya breki na parking pamoja, haihusiki na taa ya ndani ila ndio utakayopewa ukisema "ya vitone viwili". Mimi nilipewa mara mbili, duka hilo hilo.

Na wati je? Soma kwenye kava au ndani ya taa, mara nyingi imeandikwa "max 10W". Globu ya indiketa ya wati 21 inaingia bila shida na inawaka vizuri sana, unafurahi, halafu baada ya nusu saa unasikia harufu ya plastiki. Hiyo holda na hiyo kava zilitengenezwa kwa wati 10 au 5. Uliza R10W au R5W, ni ndogo ndogo zenye mguu ule ule.

Ya tatu haina chuma kabisa, kioo chenyewe kimebanwa bapa chini na vinyaya viwili vimekunjwa, unaibandika tu, ile ya parking na ya namba ya gari. Hii ipo kila kona, hata wanaotembeza spea barabarani wanayo.

Ya nne ni za haloji, vijiglobu vidogo vyenye pini mbili nyembamba, vinakaa kwenye taa za kusomea na spoti za juu ya meza. Pima umbali kati ya pini: ukipata milimita 4 ni G4. Zikiwa ndani ya kikombe cha kioo cha kung'aa, pima upana wa kikombe, sentimita 3.5 ni ile ndogo inayoitwa MR11 na pini zake ni 4 pia, sentimita 5 ni MR16 na pini zake ni 5.3. MR16 utazipata kwenye maduka ya taa za majumbani, ndizo zile spoti za gipsamu. Za haloji usizishike kwa vidole vitupu, mafuta ya mkono yanafanya kioo kipasuke kikipata moto, shika kwa tishu.

HATUA YA 4: Za tyubu

Kempa nyingi za miaka ya themanini na tisini zina taa ya tyubu juu ya sinki, kale kafupi. Watu wanaona hiyo ndio ngumu kupata kuliko zote na wanaing'oa wanatupa. Subiri kwanza.

Hizo tyubu sio za kempa hata kidogo. Ni T5, nene milimita 16, na urefu wake unafuata wati: ya 4W ni kama sentimita 13.6, ya 6W ni 21.2, ya 8W ni 28.8, ya 13W ni 51.7, hapo umepima kioo na vichwa bila zile pini. Sasa fikiria, wapi umeshaona katyubu ka sentimita 29? Juu ya milango ya hoteli na maofisi, zile taa za dharura zilizoandikwa njia ya kutokea! Nyingi za zamani zina 8W hiyo hiyo. Kwa hiyo nenda kwa wanaouza vifaa vya zima moto na usalama wa majengo, au tafuta fundi umeme anayefanya kazi mahotelini maana siku hizi wanabadilisha zote kuweka LED na za zamani wanatupa zikiwa nzima. Mimi nilipata mbili bure, nililipa soda tu.

Ila HAPA SOMA VIZURI. Kuna tyubu nyingine za 8W zenye urefu ule ule na pini zile zile ambazo sio za mwanga. Kuna za kuvutia wadudu, zinatoa mwanga wa bluu, hizo utazijua ukiwasha tu. Hatari ni zile za kuulia vijidudu, zinatumika kwenye mashine za kusafisha maji, kioo chake kinaonyesha mpaka ndani, hakijapakwa ule unga mweupe. Inaingia kwenye taa yako na inawaka kamwanga ka bluu hafifu, na inaunguza macho na ngozi, utaamka asubuhi macho kama yamejaa mchanga. Kama tyubu inaonekana ndani kama chupa ya soda, irudishe.

Kitu kingine, tangu Agosti 2023 Umoja wa Ulaya umezuia tyubu za T5 kuingizwa sokoni kwa sababu ya zebaki iliyomo, na G4 za haloji nazo zilifuata Septemba mwaka huo. Zilizobaki kwenye stoo bado zinauzwa ila ndio zinaisha, kwa hiyo ukikuta nzuri chukua hata tatu. Na ikivunjika ndani ya gari fungua milango yote utoke nje kwanza dakika kumi na tano hivi, vipande okota kwa karatasi ngumu na futa kwa kitambaa kibichi, usipige fagio.

HATUA YA 5: Tyubu mpya na bado haiwaki

Basi ni ile choki, au tuseme inveta, kale kabodi kadogo kanakochukua 12V kakazipandisha hadi mamia ya volti za kuwashia tyubu. Dalili: tyubu inawaka ncha tu katikati giza, au inacheza cheza, au redio inanguruma ukiwasha taa, au kimya kabisa na fyuzi ni nzima.

Usiishike ikiwa imewashwa, inapiga. Na usiiwashe bila tyubu "kujaribu", zile za zamani transista inaungua kwa kukosa mzigo. Pia ukigeuza chanya na hasi wakati wa kufunga nyingi zinakufa hapo hapo, weka alama kwenye waya kabla hujafungua.

Inveta mpya ya aina ile ile sahau. Ila kabodi hako kana vitu vichache mno: transista moja au mbili, kapasita, na koili. Kinachokufa mara nyingi ni kapasita, ile ya kopo, imekauka au imevimba kichwa. Fundi redio yeyote anaweza, sio fundi gari, nasema fundi REDIO, yule wa kutengeneza amplifaya. Nairobi ungeenda Luthuli Avenue, Dar Kariakoo, huku kwetu nina mzee mmoja ana meza chini ya ngazi, alisoma namba ya transista kwa miwani mbili, akatoa yenye kufanana kwenye TV ya kizamani, akachomea, ikawaka. Koili ikiungua hapo ndio mwisho, sogea hatua inayofuata.

HATUA YA 6: Kugeuza LED, ndio au hapana

Wapo wanaosema LED zote, wapo wanaosema gari ya zamani ibaki kama ilivyotoka. Mimi niko katikati. Hesabu yake hii: taa tatu za wati 10 kwa masaa manne usiku, hiyo ni wati 30, gawa kwa 12 unapata ampea 2.5, mara masaa manne ni 10Ah, yaani ampea-saa. LED tatu za wati moja na nusu mwanga karibu ule ule ni kama 1.5Ah. Betri yangu ni 80Ah na betri ya asidi hutakiwi kuishusha chini ya nusu, kwa hiyo 40 ndio zangu, na friji inataka zake. Kwa taa ninayowasha kila usiku nimeweka LED, ya dari ninayowasha dakika mbili nimeacha globu ya kawaida.

Mambo ya kuangalia unaponunua. Volti zilizoandikwa: tafuta imeandikwa 10-30V DC (DC ni umeme wa betri) au karibu na hapo. LED ya bei chee iliyoandikwa 12V tupu mara nyingi ndani ina kipingamizi kimoja tu, gari ikiwaka alternata inapandisha hadi 14.4, au sola mchana, ile LED inaanza kuwaka kwa mawimbi halafu inafifia moja moja. MR16 za dukani za nyumba nyingine zimeandikwa 12V AC (AC ni umeme wa aina ya ukutani), hizo zinaweza zikakataa kwenye betri, jaribu dukani, beba kabetri kadogo ka pikipiki au ka UPS. Na LED ina chanya na hasi, zile kama fyuzi zisipowaka zigeuze tu kabla hujamtukana muuzaji.

Rangi: chukua 2700 au 3000K (kelvini), ule mwanga wa njano njano. Ile 6500 nyeupe kama wodi ya hospitali inakera macho na wadudu wanaipenda zaidi. Nilipiga kambi Ziwa Manyara nikiwa na nyeupe, sitaki kukumbuka.

Kwa taa ya tyubu ambayo inveta imekufa kabisa: toa inveta, toa tyubu, acha bodi, swichi na kava. Ndani bandika mkanda wa LED wa 12V. Kata pale palipochorwa kamkasi tu, ukikata pengine kipande kinakufa. Mkanda usibandike kwenye plastiki moja kwa moja, weka kwanza kibati cha alumini utoe joto, na katikati ya waya na mkanda weka kale kabodi ka kushusha volti ulikoseti kwenye 12.0, kanauzwa kwenye maduka ya elektroniki wanapouza vitu vya wanafunzi wa chuo. Kwa nje hakuna atakayejua. Hii ndio niliyofanya jikoni baadaye ile choki ilipokufa tena, na samahani kwa mzee wangu wa chini ya ngazi.

Watu wa sola nao usiwasahau, wana globu za LED za 12V nzuri na holda zake, zile za kuzungusha kama za nyumbani. Ila zikiwa ndani ya nyumba moja na za 230V zinafanana kama mapacha, andika kwa kalamu nyeusi.

HATUA YA 7: Swichi, holda, kava

Swichi haina maneno, pima tundu lake, nenda na ya zamani mkononi duka la elektroniki, umeme wenyewe ni ampea moja haifiki. Holda ya G4 ukiwa unaendelea na haloji chukua ya kauri, sio plastiki. Holda ya BA15d kama huku bara huipati mtumie mtu wa pwani, Kilifi na Mtwapa kuna wenye boti, Dar Msasani na Zanzibar pia, hao taa zao ni 12V na chumvi inazimaliza kwa hiyo wanajua wapi zinapatikana.

Kava ndio mtihani. Plastiki ya miaka thelathini imekuwa ya njano na ukiishika vibaya inapasuka kama biskuti. Iliyopauka tu unaweza kuisugua kwa dawa ya meno na kitambaa, taratibu, inarudi. Iliyopasuka usiunge kwa supaglu upande unaoonekana, inaacha ukungu mweupe kwenye plastiki ya kuonyesha. Iliyokufa kabisa nenda kwa watengeneza mabango, wanatumia akriliki nyeupe ya milimita 3 inayopitisha mwanga na vipande vya kukata wanatupa, mwambie akukatie umbo na akupindie kwa hita yao. Haitakuwa ya kiwandani ila itakaa.

HATUA YA 8: Ukilazimika kuagiza

Hii ni kwa taa nzima, ile ambayo umbo lake ni la gari yako tu. Kama ni Volkswagen tafuta namba iliyochapwa nyuma ya plastiki, ina tarakimu tatu tatu. Tatu za mwanzo ni familia ya gari, za T3 mara nyingi utaona 251 au 255, na za katikati ni aina ya kitu, taa za ndani ni 947, vifaa vya kempa vyenyewe vinakuwa na 070. Hiyo namba andika vile vile kwenye kutafuta, inaleta majibu kuliko maelezo yoyote.

Usitafute kwa Kiingereza peke yake kama gari ni ya Mjerumani. Andika "Innenleuchte T3 Westfalia" ni taa ya ndani, "Soffitte 41mm" ni ile globu kama fyuzi, "Fassung" ni holda, "Leuchtstofflampe 12V" ni ya tyubu, "Wohnmobil" ni kempa. Wajerumani wanauza mitumba ya vitu hivi kwenye Kleinanzeigen, wengi hawatumi nje ya nchi yao, kwa hiyo inabidi uwe na ndugu au rafiki wa kupokea, na karibu kila ukoo siku hizi una mtu huko. Mwambie ukweli ukubwa na uzito, usimshtukize shemeji na boksi. Tyubu ziwekwe ndani ya bomba la PVC la robo tatu, limefungwa pamba huku na huku, zangu zilifika salama ndani ya begi la nguo.

Na kabla ya Ulaya fikiria Afrika Kusini. T3 Ujerumani ziliisha 1990, zile zinazovuta kwa magurudumu yote manne, zilizotengenezwa Graz kule Austria, zikaenda hadi 1992, lakini Afrika Kusini waliendelea kuzitengeneza mpaka 2002. Ndani za kempa ni tofauti, ila taa ya dari, swichi za mlango, fyuzi na vitu vya bodi kule vipo kwa wingi, na madereva wa malori wanakuja kila wiki. Wenye HiAce nyie hamna shida hiyo, gari ikichinjwa Dar au Mombasa taa zake ziko chini kwenye turubai, nendeni na picha mchague.

HATUA YA 9: Kufunga

Toa fyuzi kwanza, au toa hasi ya betri. Waya uunge kwa konekta ya kubana au uchomee kwa risasi, sio kusokota na tepu, gari inatetemeka na ile gundi ya tepu ikipata joto inateleza. Fyuzi ya laini ya taa 5A inatosha sana, na ukiona inakata usiweke 15, kuna shoti tafuta. Washa zote pamoja uache saa nzima, kisha pitisha mkono nyuma ya kila taa, ikiwa ya moto mno kushika basi wati zimezidi.

Kwangu sasa zote zinawaka, nne zimekamilika. Ya tano, ya nyuma juu ya kitanda, kila kitu kizima isipokuwa kava, nimeitafuta kwa namba yake mpaka nimechoka na watengeneza mabango wakashindwa kile kipindo chake. Nimekata ubavu wa dumu jeupe la lita tano, nimebandika kwa tepu ya pande mbili. Ndani kuna LED, haloji ingeliyeyusha. Mwanga wake mzuri kuliko zote, na bado namba nimeihifadhi kwenye simu, mwenye nayo anishtue.